Goti langu, ramani yake: siku 80 Ulaya tupange mji gani?

Bi Safari, asalaam aleykum.

Mimi ni mama wa miaka 59, muuguzi mstaafu, nipo Tanga. Mume wangu ana miaka 64, alifundisha jiografia sekondari maisha yake yote, na tangu nimjue anasema hafi mpaka auone mto Rhine kwa macho yake. Mafao yametoka, nyumba tumeimalizia, na kilichobaki tumekubaliana tukile kwa safari. Mwezi wa tisa mwakani tunataka kwenda Ulaya siku 80. Mpaka hapo hatugombani.

Tunagombana kwenye manila. Mzee amebandika karatasi ya manila sebuleni, kachora ramani ya Ulaya kwa mkono wake (na kachora vizuri, simnyimi haki), kachomeka pini kwenye miji 19 na kuiunganisha kwa uzi mwekundu. Uzi unaanzia Amsterdam, unapita Hamburg, Berlin na Prague, unateremka mpaka Athens, unarudi kwa Hispania na kuishia London. Kila mji siku nne. Wageni wakija anawasomesha kama darasa. Mimi nikiutazama ule uzi, goti la kushoto linaanza kuvuta. Daktari kanikataza ngazi nyingi na kubeba mizigo.

Nikamwambia tutafute mji mmoja, tupange nyumba yenye jiko, tuwe tunatoka asubuhi tunarudi jioni. Akasema vizuri, basi iwe Paris, maana njia zote zinapita Paris. Jirani yetu, ambaye kijana wake kasoma Hungaria, anasema twende Budapest, maisha ya kule ni nafuu. Binti yetu yuko Enschede, Uholanzi, anasomea mambo ya ramani za setilaiti, anakaa chumba kimoja chenye kitanda cha futi tatu na nusu. Yeye anasema tukifika Ulaya tukalala kwingine, shangazi zake watamwambia kawakataa wazazi. Na mzee ukimbana zaidi anasema kama si Paris basi Köln, kwa sababu ujana wake wote alikuwa anasikia mji huo ukitajwa kwenye redio ya Wajerumani. Hivi kweli mtu achague mji wa kuishi kwa kuusikia redioni?

Sisi ni Waislamu, tunataka nyama ya halali na pa kuswali Ijumaa. Mimi siwezi kumaliza miezi karibu mitatu bila ugali, kwa hiyo nitabeba unga, kopo la samli na maembe machache ya binti. Pesa tulizotenga, ukitoa nauli ya ndege, zinafika euro 10,000 kwa wote wawili, na hatutaki kurudi na deni.

Tupange wapi?

Mwenye Goti, Tanga

*

Wa aleykum salaam, dada yangu Mwenye Goti.

Najua barua hii shemeji ataisoma kabla yako, tena kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo nianze na hesabu anayoweza kuisahihisha. Miji 19 ina maana ya kuhama mara 18. Siku ya kuhama unaamka unafungasha, na nyumba nyingi zinataka uwe umetoka saa tano asubuhi. Unavuta masanduku mpaka stesheni, unasafiri, unafika mji wa pili, na ufunguo hupewi mpaka saa tisa alasiri. Ukishaupata unatafuta maji ya kunywa na mahali pa kula, jua limezama. Siku hiyo imekwenda. Kati ya siku zenu 80, 18 mtazitumia kuwa wachukuzi wa mizigo yenu wenyewe. Hapo sijalitaja goti.

Mimi hili nilijifunza kwa mwili wangu. Mara yangu ya kwanza kukaa Ulaya muda mrefu nilipanga katika mji mkubwa wenye jina, kwa sababu picha zilipendeza na bei ilikuwa chini. Ghorofa ya tano, lifti hakuna. Ngazi zilikuwa za mbao, za kuzunguka, 94. Nilizihesabu kwa sababu sanduku lilikuwa na kilo 26 na nililipandisha ngazi moja moja, nikilikinga kwa paja lisiporomoke kumfuata babu wa ghorofa ya tatu aliyefungua mlango anichungulie. “Jiko” lililoandikwa kwenye tangazo lilikuwa birika la umeme na sahani mbili. Stesheni kuu ilikuwa mwendo wa dakika 50, basi kisha treni ya chini ya ardhi. Mwezi mzima niliokaa pale nilitoka nje ya mji mara tatu tu. Nilikuwa nimelipia makao, nikapata kifungo.

Ndiyo maana nakwambia, jina la mji lisikusumbue. Uliza stesheni iko mbali kiasi gani kwa miguu yako, uliza ngazi ngapi, uliza jiko lina nini. Miji yenye majina mtaifuata kwa treni, mtaiona, mtapiga picha, mtarudi kulala kwenu.

Lakini na wewe usishangilie mapema, maana mpango wa mji mmoja una hila yake ambayo watu huigundua wakishafika. Ukiwa na makao, kila safari unailipia mara mbili: kwenda na kurudi. Mahali pa saa tatu kwa treni, ukienda na kurudi siku hiyohiyo, umekaa kitini saa sita ili utembee saa nne. Ukiamua kulala huko, usiku huo unalipia vitanda viwili, cha huko na kile ulichokiacha kitupu nyumbani. Kwa hiyo makao yana kipimo chake, kama kamba ya mbuzi. Mimi kamba yangu ni saa mbili. Kilichomo ndani ya saa mbili ni cha kwenda na kurudi. Kilicho nje yake kinatakiwa kiwe kitu hasa, na kiwe cha mara chache. Kwa siku 80 kamba moja haiwatoshi. Ninyi mnahitaji vigingi viwili, kimoja kaskazini na kimoja kusini, na katikati mhame mara moja tu.

Sasa Paris. Shemeji anasema njia zote zinapita Paris, na kwenye ramani ni kweli. Tatizo ni kwamba hazipiti stesheni moja. Ukienda Brussels, Köln au London unapandia Gare du Nord. Ukienda Strasbourg unapandia Gare de l'Est. Kusini na Italia ni Gare de Lyon, na ukielekea Bordeaux ni Montparnasse, upande mwingine wa jiji. Katikati ya stesheni hizo kuna metro, na metro ya Paris ni ya zamani, ngazi juu ngazi chini, stesheni nyingi hazina lifti. Kwa goti lako ule mji ni wa kutembelea siku nne, si wa kuishi. Na kodi yake kwa mfuko wa euro 10,000 nisiijadili.

Jirani yenu kuhusu Budapest hajakosea bei, kakosea mahali. Pale ni kigingi kizuri kwa anayetaka kuzunguka nchi za mto Danube: Vienna ni saa mbili na dakika arobaini hivi, Bratislava nayo haiko mbali. Lakini binti yenu yuko Uholanzi na Rhine ya shemeji iko Ujerumani. Mtakuwa mnaiacha safari yenu nyuma ya mgongo.

Enschede naijua, mji mzuri wa baiskeli, na wanafunzi wa Kitanzania wamepita pale miaka mingi kwa ajili ya hayohayo masomo ya ramani. Lakini reli ya Uholanzi inaishia pale. Amsterdam ni zaidi ya saa mbili, na ukivuka mpaka kwenda Gronau, Münster au Dortmund unapanda vile vitreni vya mikoani vinavyosimama kila kijiji. Kamba ya saa mbili ukiifunga Enschede, nusu yake inalala shambani. Na watu watatu chumba kimoja, kitanda cha futi tatu na nusu, wiki ya pili mtakuwa mnaongea kwa kununiana.

Kwa hiyo dada, umeuliza kama mtu anaweza kuchagua mji kwa kuusikia redioni. Safari hii, kwa bahati, anaweza. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza mwaka 1963 ikitangaza kutoka Köln, na shirika lile lilihamia Bonn mwaka 2003, kwa hiyo masikio ya shemeji hayakumdanganya. Redio imemwonyesha mji ambao ningewachagulia mimi kwa sababu nyingine kabisa.

Stesheni kuu ya Köln iko katikati ya mji, imegusana na kanisa kuu. Ukitoka mlangoni unainua shingo. Kutoka hapo Brussels ni chini kidogo ya saa mbili, Amsterdam kama saa mbili na dakika arobaini, Frankfurt saa moja na ushee, Paris saa tatu na dakika ishirini bila kubadilisha treni. Enschede unafika kwa kubadilishia Dortmund au Münster. Lakini utamu uko kwenye tiketi moja inayoitwa Deutschlandticket. Mwaka 2026 bei yake ni euro 63 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na inakupandisha treni zote za mikoani, tramu, mabasi na treni za chini ya ardhi Ujerumani nzima. Treni za mwendokasi hazimo. Ni ya kujiandikisha, na usipoifuta kufikia tarehe 10 inajirudia mwezi unaofuata na kukukata pesa, kwa hiyo mwambieni binti aweke kengele kwenye simu yake. Inabeba jina la mwenyewe, kwa hiyo pasipoti iwe mkononi.

Kwa tiketi hiyo shemeji ataumwagilia moyo wake. Bonn ni nusu saa. Koblenz, pale mto Moselle unapoingia Rhine, ni kama saa moja na nusu, na kuanzia Bonn reli inaufuata mto; mkae upande wa kushoto mkienda. Aachen ni kama saa moja, na kutoka pale basi linawafikisha karibu na kilima ambapo Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji zinakutana nukta moja, kilima cha mita 322 ambacho Waholanzi wanakiita mlima bila aibu. Wuppertal kuna treni inayoning'inia chini ya reli yake juu ya mto, inafanya kazi tangu 1901, nayo imo kwenye tiketi hiyohiyo. Mvua ikinyesha mnabaki nyumbani na hamjapoteza senti. Huo ndio uzuri wa makao ambao mtu wa miji 19 haupati: haki ya kuahirisha.

Mtaa ningetafuta Ehrenfeld. Una stesheni yake, kituo kimoja tu kabla ya stesheni kuu, msikiti mkubwa wa Köln uko pale kwenye barabara ya Venloer, na barabara hiyohiyo imejaa maduka ya Waturuki: nyama ya halali, bamia, pilipili, mikate. Ukikosa Ehrenfeld jaribu Eigelstein, nyuma ya stesheni kuu, ambako mtaa wa Weidengasse ni wa Waturuki pia. Na mmefanya vyema kuchagua mwezi wa tisa. Nimewahi kuwa kule mwezi wa sita, jua linazama karibu saa nne usiku, Isha unaisubiri mpaka karibu na saa sita, na Alfajiri inakukuta hujageuka ubavu.

Kwenye kodi, sikiliza. Wajerumani wana kodi “baridi” na kodi “moto”. Baridi ni kuta tu. Moto imejumlisha joto la nyumba na maji, na umeme mara nyingi bado uko nje. Ninyi ni wapangaji wa muda mfupi, kwa hiyo dai bei moja yenye vyote, kwa maandishi. Köln tangazo la nyumba ya wageni linatakiwa liwe na namba ya utambulisho iliyotolewa na jiji. Tangazo lisilo na namba lipite. Kodi ya muda mrefu bila samani usiisogelee, maana Mjerumani akihama anaweza kung'oa jiko lote akaenda nalo, kabati mpaka sinki. Na yeyote anayesema yuko nje ya nchi, umtumie amana kwanza ndipo funguo zije kwa posta, huyo ni tapeli.

Hapa ndipo aibu ya binti inapopata dawa. Mwambie kazi yake ndiyo kubwa kuliko kitanda: yeye ndiye macho yenu. Apande treni siku moja aende Köln kabla hamjalipa. Ahesabu ngazi kutoka barabarani mpaka mlangoni. Atembee kwa mwendo wako, si wake, mpaka stesheni, aangalie saa. Kisha mkifika Ulaya fikieni kwake, siku saba, mle alichopika, mpige picha za kuwatumia mashangazi. Wikiendi awe anakuja yeye Köln, mahali penye kochi.

Siku saba kwa binti, 45 Köln, halafu 28 zilizobaki mteremke Bologna, Italia. Najua hamkuitaja, na haimo kwenye pini za mzee. Ndiyo sababu bado inakalika. Kwa treni ya mwendokasi Florence ni dakika 37 hivi, Milan kama saa moja, Venice saa moja na nusu, Roma saa mbili na ushee. Treni za kawaida zinawapeleka Modena, Ferrara, Parma na Ravenna, na hizo bei yake haibadiliki, ununue leo au dakika tano kabla. Tiketi ya karatasi lakini igonge muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda. Mimi niliwahi kukaa kitini na tiketi yangu safi, nimeilipia, nikamkabidhi kondakta kwa tabasamu, akanionyesha mahali palipotakiwa kuwa na muhuri, akatoa kitabu cha faini. Nilijieleza kwa lugha tatu, zote hazikufaa.

Bologna kwa goti ni rehema. Njia za miguu za mjini zimefunikwa na matao, ukiyajumlisha yote ni kilomita 62, na UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Unatembea tambarare, mvua haikupati. Moja tu ulikwepe: lile refu la kwenda kanisa la San Luca, linapanda mlima, matao 666. Mzee aende peke yake. Upande wa nyuma ya stesheni unaitwa Bolognina, umejaa wahamiaji, una soko, na kodi yake haifanani na ya katikati. Chakula cha mjini chunguzeni: mortadella ni nguruwe, na mchuzi wao maarufu wa nyama mara nyingi una nguruwe ndani. Mkienda Venice pandeni boti, maana kila kidaraja pale ni ngazi za kupanda na ngazi za kushuka. Na huko mkoa wa Veneto waulizeni polenta nyeupe, inaliwa na samaki. Ni unga wa mahindi meupe, dada. Ni laini kuliko ninavyopenda mimi, lakini ukiuonja utajua uko kwa ndugu.

Kwa nini Italia iwe mwisho? Mkianza mwanzoni mwa Septemba, Köln mtaikuta bado ina mwanga, na mtaondoka wiki ya nne ya Oktoba kabla ya tarehe 11 Novemba, siku wanapofungua msimu wa kanivali saa tano na dakika kumi na moja asubuhi na mji mzima unalewa. Bologna mtafika baada ya tarehe 15 Oktoba, ambayo ndiyo sheria ya Italia inaruhusu joto la majengo ya ukanda ule kuwashwa. Niliwahi kufika tarehe 9, nikalala na koti. Sikufichi, Novemba kuna ukungu na mvua. Ndiyo maana nimesema matao.

Safari ya kuhama yenyewe msiifanye kwa siku moja. Laleni Munich usiku mmoja, kesho yake mpande treni ya mchana inayovuka Alpsi kwenye mpito wa Brenner mpaka Verona, na kutoka pale Bologna ni karibu. Mwalimu wa jiografia mpe dirisha, usimwongeleshe.

Kutoka Köln toeni safari moja ya nje ya kamba: Paris, siku nne. Mtalipia vitanda viwili, ni sawa, ndiyo “kitu hasa” niliyosema. Tiketi zinunuliwe mapema, zile treni zinauzwa kama ndege, zinapanda bei kila zinavyokaribia. Treni ikichelewa dakika 60 dai robo ya nauli, ikifika 120 dai nusu, ni haki ya abiria Ulaya. Kwa Wajerumani mtaitumia. Pasi za Eurail, zile tiketi za treni za nchi nyingi ambazo mawakala watawauzia, kwa mtu mwenye makao hazilipi. Ni za mtu wa uzi mwekundu.

London muitoe. Ina viza yake, mbali na Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya mtakayoomba ninyi, na mkiwa na viza ya Schengen ya kuingia mara moja, mkivuka kwenda Uingereza haiwarudishi tena. Athens nayo iwe safari nyingine.

Viza ndiyo inayonifanya nisisitize hesabu ya siku. Maombi yanapelekwa kwenye ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege inatua kwingine. Siku zenu nyingi, hata mkitoa zile nne za Paris, ziko Ujerumani, kwa hiyo ni Wajerumani, ijapokuwa mnatua Amsterdam na binti yuko Uholanzi. Hapo mmeona: kuchagua makao ni kuchagua ubalozi, kwa hiyo amueni kwanza ndipo mjaze fomu. Ada ni euro 90 kila mmoja. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasizidi siku 15 kabla. Ninyi lengeni miezi minne, nafasi za miadi ni za kugombania. Ruhusa ya juu kabisa ni siku 90 ndani ya siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Mkipewa viza someni idadi ya siku kwenye stika yenyewe, anaweza afisa akawapa pungufu ya mlizoomba. Siku hizi mpakani wanachukua alama za vidole na picha, kompyuta ndiyo inayohesabu, haina huruma. Tiketi ya ndege iwe ya kuingilia Amsterdam na kutokea Italia. Wakala wenu Tanga anaijua, mwambieni tu hamtaki kurudi Amsterdam kupandia ndege.

Mfuko wenu nimeupiga hivi. Mkipata Köln kwa euro 60 kwa usiku na Bologna kwa 65, kodi zote mbili ni 4,520. Chakula mkipika wenyewe wekeni 20 kwa siku, 1,600. Paris na Munich 800. Treni zote 1,300, na Deutschlandticket zimo humo. Inabaki kama 1,800 ya dharura, makumbusho na zawadi. Bei za nyumba zikija juu ya hapo, punguzeni siku, msipunguze lifti.

Mizigo. Unga beba, hauna tatizo. Samli iache, vitu vya maziwa na nyama kutoka kwetu haviingii Ulaya. Dagaa wakavu wanaruhusiwa kwa matumizi yenu, mpaka kilo 20. Maembe usijaribu, yanataka cheti cha afya ya mimea. Lakini nazi inaingia bila cheti, pamoja na ndizi, nanasi, tende na durian, hizo tano tu. Kwa hiyo mtu wa Tanga ukae ukijua sheria ya Ulaya imekukumbuka: funga nazi nne na mbuzi yake. Unga ukiisha, Brussels kuna mtaa wa Matonge, umebeba jina la Matonge ya Kinshasa. Ndizi, sombe (kisamvu chetu) na unga vipo, na muuzaji akitoka Goma au Bukavu mtaelewana Kiswahili mpaka mtasahau treni. Jumapili Ujerumani maduka yanafungwa, kwa hiyo Jumamosi jazeni friji, na kama mmesahau, nendeni maduka ya ndani ya stesheni.

Ile manila isitolewe ukutani. Mwambie shemeji ahamishe pini, achore duara mbili za saa mbili, moja Köln na moja Bologna, ahesabu mwenyewe miji mingapi imeingia. Najua itazidi 19. Na lile kanisa la Köln lina mnara wa mita 157, unapandwa kwa ngazi 533, yeye lazima atataka kupanda. Wewe mshikie koti, kaa uwanjani chini. Binti akienda kukagua ile nyumba, amwombe mwenye nyumba awashe jiko mbele yake, mafiga yote.

Bi Safari